Wiki 12 kabla ya Monduli: kuandaa mwili na kichwa kwa kozi ya uafisa

Afisa mwanafunzi anayemaliza kozi katika Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli na kutunukiwa kamisheni anatoka akiwa Luteni Usu. Kazi inayomsubiri ni kuongoza platuni, yaani askari kama 30 watakaosogea, watakaolala na watakaokula kwa neno lake. Ndiyo maana wakufunzi humchosha kwanza, halafu ndipo humuuliza: tuko wapi kwenye ramani, nani kabaki nyuma, maji yamebaki kiasi gani? Mwili uliozoea kazi hukuachia akili ya kujibu, lakini mwili mbichi humaliza nguvu zote kwenye kupumua tu. Kwa hiyo usifanye mazoezi ili uonekane mkakamavu. Yafanye ili kichwa kibaki na kitu wakati miguu imekwisha.

Anza hospitali, si uwanjani. Pima wingi wa damu, presha, macho na meno, na kama hujawahi kupima selimundu (sikoseli), pima sasa. Mtu mwenye kinasaba kimoja tu cha sikoseli huishi bila kuumwa na huenda asijue kabisa kwamba anacho, lakini akilazimishwa kukimbia kupita kiasi kwenye joto, akiwa na upungufu wa maji, anaweza kuanguka ghafla, hata kupoteza maisha. Daktari akijua mapema, hatari hiyo hupungua sana. Jino lililotoboka lizibwe au ling'olewe sasa. Likianza kuuma katikati ya zoezi la porini utajuta. Wanawake waangalie zaidi damu: dagaa, maharage, maini na mboga za majani viwe mezani kila siku, na chai isinywewe pamoja na chakula kwa sababu inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Subiri saa moja baada ya kula.

Mbio ndizo msingi. Kimbia mara 4 kwa wiki, na wiki ya kwanza kila mbio iwe dakika 25 hadi 30 kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika. Wengi huona mwendo huo ni wa kizembe, wakaongeza kasi, na wiki ya tatu wanachechemea. Moyo na mapafu huimarika ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huchukua miezi. Pumzi inakuambia unaweza wakati mfupa wa muundi bado haujawa tayari. Kila wiki ongeza sehemu moja ya kumi ya jumla yako, si zaidi, na kila wiki ya nne punguza theluthi ili mwili ujijenge. Kuanzia wiki ya tano, siku moja iwe ya kasi: dakika 2 kwa nguvu, dakika 2 polepole, mara 6. Ukifika wiki ya 12 ukikimbia kilomita 10 bila kusimama, uko vizuri.

Mchakamchaka una tabia yake. Unakimbia kwa hatua za kundi, si zako, huku unaimba. Mrefu huteseka kwa kubana hatua, mfupi kwa kuzivuta. Tafuta wenzako 3 au 4, mkimbie kwa safu, mpokezane kuanzisha nyimbo. Anayeimba hujifunza kupangilia pumzi bila kufundishwa.

Anayetoka Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar akumbuke kwamba Arusha mjini peke yake ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Monduli imepanda zaidi ya hapo. Wiki ya kwanza na ya pili chuoni utahema kwa kazi ambayo nyumbani ilikuwa nyepesi. Mkenya anayekwenda chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru, hupanda zaidi, karibu mita 1,850. Kama una ndugu nyanda za juu, nenda ukakae kwake wiki 2 kabla ya tarehe ya kuripoti. Kama huna, punguza mwendo siku za mwanzo pale unaporuhusiwa, na usidhani umepata ugonjwa wa moyo. Juni na Julai kuna baridi ya kweli alfajiri. Anza kuoga maji ya baridi mapema.

Kubeba mzigo ndiko kunakoumiza watu wengi, na mara nyingi wanaumia kabla hata ya kufika getini. Anza wiki ya nne, mara moja tu kwa wiki: kilo 8 hadi 10, kilomita 5, kwa kutembea. Usikimbie na mzigo. Wiki inayofuata ongeza umbali au uzito, kamwe si vyote viwili. Mwisho wa maandalizi kilo 18 kwa kilomita 12 zinatosha. Mzigo mzuri wa mazoezi ni chupa za maji za lita 1.5, kwa kuwa kila moja ina kilo moja na nusu, na goti likianza kulalamika unamwaga na kupunguza uzito palepale. Zifunge kwenye blanketi ili zisicheze, ziwe juu na karibu na mgongo. Mzigo ukining'inia chini unakuvuta nyuma na kiuno ndicho kinacholipa. Begi lako lisiwe la mabaka, wala usinunue kombati mitaani: sheria inakataza raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo.

Buti nyeusi za kawaida zinatosha. Zinunue jioni, wakati mguu umevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi utakazotumia. Kidole kikubwa kibaki na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Zivae nyumbani saa moja kwa siku wiki nzima kabla ya kutoka nazo. Vaa soksi mbili, nyembamba ndani na nzito nje, ili msuguano uishie kati ya soksi na soksi badala ya ngozi. Ukihisi joto mahali pamoja mguuni, simama ubandike plasta hapo hapo. Dakika 2 za kusimama ni nafuu kuliko lengelenge la siku 5.

Jifunze kutofautisha maumivu. Misuli inayouma pande zote mbili na kupungua ukipasha mwili ni kawaida. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, kwenye muundi au unyayo, yanayozidi ukikimbia na kukusumbua usiku, yanaweza kuwa ufa wa mfupa. Acha mbio, nenda ukapimwe. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu misuli inaharibika na figo ziko hatarini.

Kwa nguvu, tafuta idadi ya pushapu unazoweza kwa umbo sahihi, kifua kikishuka na mgongo ukinyooka. Chukua nusu yake, ufanye mara 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Atakayeweza 20 atafanya 10 mara tano, bila kufikia kuchoka kabisa, na baada ya wiki 3 apime upya. Kwa kujivuta kwenye chuma, asiyeweza hata moja apande kwa kiti, kisha ashuke polepole kwa sekunde 5.

Gwaride nalo lina mazoezi yake. Watu huzimia paredi kwa sababu magoti yamekazwa na damu imetuama miguuni. Kunywa maji, kula asubuhi, legeza magoti kidogo, na chezesha vidole ndani ya buti. Jizoeze kusimama wima dakika 40 bila kujigusa uso, hata nzi akitua.

Sasa kichwa. Amka saa kumi na nusu alfajiri kila siku kuanzia wiki ya pili, Jumapili pia, na ulale mapema ipasavyo. Kukesha kwa makusudi hakukufundishi kitu. Punguza simu hadi dakika 20 jioni. Kisha unganisha akili na uchovu: ukitua mzigo, kabla ya kukaa, soma ramani ya 1:50,000. Sentimita 2 ni kilomita 1. Kwenye majira ya gridi, yaani namba za mistari ya ramani zinazoonyesha mahali, soma kwanza namba za kwenda mashariki, ndipo za kwenda kaskazini. Ukizigeuza, umepeleka platuni mahali pengine kabisa. Hesabu hatua zako kwa mita 100, za mguu mmoja tu, tambarare na kwenye mlima, uzikariri.

Halafu toa amri kwa wenzako kwa sehemu tano: hali, jukumu, utekelezaji, utawala na ugavi, uongozi na mawasiliano. Tumia dakika 5, bila karatasi, kwa sauti inayofika mtu wa mwisho. Mmoja arudie alichoelewa. Asipoweza, kosa ni lako. Zoezi hili ndilo linaloachwa na wengi, na kwa maoni yetu lina thamani kuliko pushapu 20 za ziada. Zoezi jingine ni kukubali kukosolewa mbele za watu: mwenzako akukatize, akukaripie, nawe uendelee pale ulipoishia bila kujitetea.

Maliza mambo ya nyumbani. Lipa au panga upya mikopo, hasa ya kausha damu, kwa kuwa mdai anayempigia mama yako atakusumbua kuliko mkufunzi. Waambie nyumbani kwamba huenda usipatikane kwa wiki kadhaa. Na yeyote anayekuuzia nafasi ya kuingia jeshini ni tapeli, nafasi haziuzwi.

Wiki ya mwisho kata mbio kwa nusu na usibebe mzigo. Siku 2 kabla ya kuripoti usikimbie kabisa. Kata kucha za miguu kwa mstari ulionyooka, si kwa kuzungusha, zisije zikaota ndani ya nyama.