Kuinua nyuma ya pikipiki inayobonyea

Pikipiki yangu ya mizigo ilikuwa ikikaa kama kuku anayeatamia. Abiria mmoja na gunia la mkaa, tayari tairi linakwangua madigadi. Kabla hujakimbilia shokapu ndefu, anza na hizo ulizo nazo.

Chini ya springi kuna pete yenye ngazi. Kaa juu ya pikipiki, mwenzako apime kwa futi kamba kutoka nati ya ekseli ya nyuma hadi alama moja kwenye fremu juu yake. Andika. Kisha isimamishe kwa stendi kubwa, usugue tope lote kwenye pete (wengi huruka hapa, spana ikateleza ikawachuna vidole), na uizungushe kwa spana ya ndoano ngazi moja upande wa kukaza. Kulia na kushoto zilingane. Kaa, pimeni tena. Ugumu wa springi ni uleule. Umeibana mapema tu, ndiyo maana haizami sana.

Shokapu inayovuja mafuta haitengenezwi kwa pete, badilisha. Kwa mpya, pima kutoka katikati ya tundu la boliti la juu hadi la chini. Mimi siongezi zaidi ya milimita 10 juu ya urefu wa ile ya zamani: nyuma ikipanda, usukani unakuwa mwepesi mno, taa inamulika chini, na stendi ndogo inakuwa fupi. Yangu ililala ubavu mbele ya genge la nyanya, nikalipa.

Halafu kagua ulegevu wa cheni upya, mtu akiwa amekaa juu.