Namna ya Kuonja Bia ya Matunda na Pilipili

Bia iliyopikwa kwa matunda na pilipili kali haifai kunywewa kwa kiu, na anayeifungua jioni ya joto akaimimina kooni kama anavyomimina bia ya kawaida ataishia kukohoa na kuilaumu bure. Hutengenezwa zaidi na viwanda vidogo vya Marekani, mara nyingi kwa mapipa machache tu, na mifano yake hutofautiana sana. Kiwanda cha Burnside cha Portland, katika jimbo la Oregon, kilikuwa na bia ya ngano iitwayo Sweet Heat, iliyotiwa aprikoti pamoja na pilipili ya Scotch bonnet. Kule San Diego, Ballast Point walichukua bia yao chungu ya Sculpin, yenye kilevi cha asilimia 7, wakaitia pilipili za habanero bila tunda lolote, kwa kuwa hopsi zake, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, zenyewe zinanukia matunda. Waonjaji hufaidika wakizijua aina zote mbili, ile yenye tunda la kweli na ile inayoazima harufu ya tunda kutoka kwenye hopsi.

Kwa msomaji aliyekulia pwani, ndoa hii ya tunda na pilipili si ngeni. Aliyewahi kununua embe bichi lililochanjwa na kunyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga anajua tayari jinsi uchachu, utamu na ukali vinavyoweza kukaa mdomoni kwa pamoja bila kugombana. Wala tunda ndani ya pombe ya nafaka si uvumbuzi wa Wamarekani, kwa maana mbege ya Uchagani hupikwa kwa ndizi na kimea cha ulezi.

Kazi ya kwanza huanza kabla ya kizibo kung'olewa, nayo ni kujua pilipili iliyotumika, kwa sababu kila pilipili ina harufu yake mbali na ukali wake. Jalapeño mbichi hunukia majani mabichi, karibu na pilipili hoho iliyokatwa sasa hivi. Chipotle ni jalapeño hiyo hiyo iliyoiva na kukaushwa kwa moshi, kwa hiyo bia yake hunukia moshi wa kuni. Ancho, yaani pilipili ya poblano iliyokaushwa, huelekea kwenye zabibu kavu, ndiyo maana huonekana zaidi katika bia nyeusi. Habanero na Scotch bonnet ni ndugu wa damu wa pilipili mbuzi yetu, na mtu yeyote aliyewahi kuikata pilipili mbuzi juu ya sahani ya wali anaikumbuka ile harufu yake tamu inayofanana na tunda. Kwa maoni yangu hizi ndizo zinazofaa kuliko zote kuunganishwa na embe, nanasi au aprikoti, kwa kuwa harufu zake zinaelekeana na za tunda tangu mwanzo. Tatizo ni ukali: kwa kipimo alichobuni Wilbur Scoville mwaka 1912, jalapeño hupata kati ya 2,500 na 8,000, ilhali habanero huanzia 100,000 na kufikia 350,000, hivyo mpishi akikosea kidogo tu pipa zima limeharibika.

Angalia pia tarehe ya kufungashwa. Harufu ya tunda na ya hopsi hufifia miezi inavyopita, lakini ukali wa pilipili haufifii kwa kasi hiyo, na chupa iliyokaa kabatini mwaka mzima inaweza kukupa moto mtupu. Ihifadhi wima ndani ya friji ili mashapo yatulie chini.

Usionje peke yako ukiweza, kwani chupa moja inatosha watu watatu au wanne, kila mmoja akipata kiasi cha mililita 100, na mazungumzo ya watu wanne huibua mambo ambayo ulimi mmoja usingeyagundua. Ikiwa mna bia nyingine za kuonja jioni hiyo, hii iwe ya mwisho, kwa sababu ulimi ukishawashwa hausikii tena vitu laini. Chagua chumba kisicho na manukato, moshi wa sigara wala kitunguu kinachokaangwa, na weka mezani mkate mweupe na glasi ya maziwa au mtindi. Maji hayasaidii sana. Kiini cha ukali wa pilipili, kapsaisini, huyeyuka katika mafuta na kilevi lakini si katika maji, kwa hiyo maji huutandaza tu mdomoni, ilhali protini ya maziwa huukamata na kuuondoa. Mwenye vidonda vya tumbo aiache bia hii kabisa, na atakayeendesha gari asubiri siku nyingine.

Itoe chupa kwenye friji dakika 15 au 20 kabla ya kumimina, mpaka ifike kati ya nyuzi 8 na 12 za Selsiasi. Baridi kali huzima harufu ya tunda na kuuficha ukali kwa muda, kisha ukali huo hukuvamia bia inapopata joto mdomoni. Glasi ifaayo ni ile yenye tumbo pana na mdomo uliobana, ijazwe hadi theluthi tu ili harufu ipate nafasi ya kukusanyika. Mimina polepole ukiinamisha glasi, kisha isimamishe ili povu liinuke. Povu likitoweka upesi usishangae, maana mafuta ya pilipili hulivunja. Na kama ndani ya chupa mmewekwa pilipili nzima, kama ilivyokuwa kwa bia ya Cave Creek ya Arizona, usiitoe kwa vidole halafu ukajifikicha macho.

Sasa nusa, na unuse kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inahitajika, kwa sababu kapsaisini yenyewe haina harufu na pua ndiyo nafasi pekee utakayokuwa nayo ya kulisikia tunda kabla moto haujaingia. Vuta pumzi fupi mara mbili, pumzika, rudia. Jiulize kama ni embe bivu au bichi, kama nanasi linanukia kama limekatwa leo au kama lililotoka kwenye kopo, na kama pilipili inanukia majani, moshi au tunda. Harufu ya pipi ni dalili mbaya. Mara nyingi ina maana kwamba tunda limeongezwa kwa rangi na manukato ya kiwandani. Andika ulichosikia kabla ya kuonja, kwa kuwa baada ya funda la kwanza kumbukumbu ya pua haiaminiki.

Funda la kwanza liwe dogo, lizungushwe ulimini kwa sekunde tano, limezwe, kisha usubiri nusu dakika nzima bila kugusa glasi. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Mara yangu ya kwanza, kwenye baa moja, nilionja, nikaona haina kitu, nikanywa mafunda matatu makubwa mfululizo huku nikimcheka mhudumu aliyenionya. Ukali ulipofika, ulifika wa mafunda yote manne kwa pamoja, na sikuweza kumaliza sentensi niliyokuwa naisema. Sababu ya kuungua huko inajulikana. Mwaka 1997 kundi la watafiti la David Julius, aliyetunukiwa Nobeli mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, lilitambua kipokezi cha neva kinachoamshwa na kapsaisini, kipokezi hicho hicho kinachoshtuka kwa joto la nyuzi 43 hivi. Kwa maneno mengine, neva huuambia ubongo kwamba mdomo unaungua. Kilevi hukifanya kipokezi hicho kishtuke kwa joto dogo zaidi, na gesi ya bia nayo huongeza mchomo wake, ndiyo maana pilipili kidogo ndani ya bia huwasha kuliko mtu anavyotarajia.

Katika funda la pili, fuatilia mahali. Je, moto uko kwenye ncha ya ulimi, midomoni au kooni? Unapanda kwa hatua au unalipuka? Na ukishatulia, kimebaki nini? Swali hilo la mwisho ndilo ninalolitumia kuihukumu bia yoyote ya aina hii: moto ukipungua, tunda lirudi. Usitafute utamu, kwani hamira hula sukari ya embe au aprikoti pipani na kuacha harufu na uchachu, na bia nzuri huwa kavu kabisa, yaani isiyo na utamu, huku ikinukia tunda bivu. Ladha ya kimea, mithili ya mkate, inatakiwa isikike chini ya vyote viwili. Ukisikia moto na uchungu wa hopsi tu, vikisukumana kooni, mpishi amezidisha.

Chakula kije baadaye, nacho kiwe na mafuta. Samaki wa kupaka anafaa sana, kwa kuwa tui zito la nazi hupunguza makali na kuacha tunda likisikika, mradi jikoni wasiongeze pilipili nyingine juu yake.

Bakiza funda moja glasini kwa robo saa, lipate joto la chumba. Gesi itakuwa imepungua, baridi imeisha, na ulimi umeshazoea kidogo; mara kadhaa ni katika funda hilo, la mwisho na la uvuguvugu, ndipo nilipolisikia embe vizuri kwa mara ya kwanza.