Kutengeneza Gitaa la Umeme Nyumbani kwa Mbao za Nyanda za Juu Kusini

Fundi wa Iringa, Njombe au Mbeya anayetaka kujitengenezea gitaa la umeme anaishi karibu na mbao, na hiyo ni nafuu kubwa, ila nafuu hiyo humponza asipokuwa makini kwa sababu mbao nyingi zinazouzwa huku bado ni mbichi. Mwili wa gitaa hili ni kipande kizima kisicho na uwazi wa kukuza sauti kama gitaa kavu, hivyo fundi yeyote anayeweza kutengeneza kabati zuri anaweza kuukata. Shingo ndiyo yenye kazi, na huko ndiko muda na fedha zielekezwe.

Kwa gitaa la kwanza ninashauri umbo la Telecaster. Leo Fender, aliyekuwa fundi redio huko California, alilitoa mwaka 1950 kwa jina la Broadcaster, na jina la Telecaster likafuata mwaka 1951. Shingo yake haigundishwi bali hufungwa kwa skrubu nne, kwa hiyo ikikataa kukaa sawa inafunguliwa na kurekebishwa bila kuharibu mwili.

Mbao ninayoipenda kwa mwili ni mninga, kwa kuwa husinyaa kidogo sana ikikauka na inakubali patasi bila kuchanika ovyo. Mkangazi nao unafaa, ni mwepesi zaidi, na ni wa ukoo mmoja na mahogani inayotumiwa na viwanda vya magitaa vya Marekani. Paini ya Sao Hill inayojaa Mafinga isidharauliwe, maana gitaa la majaribio la Fender mwenyewe lilikuwa na mwili wa paini. Kasoro yake ni kubonyea upesi. Mkaratusi ninaukataa, kwa sababu ni mzito na hupinda na kupasuka unapokauka. Hakuna haja ya kununua ubao mzima: karakana za samani hubakiwa na vipande vya mninga ambavyo viwili vikigundishwa ubavu kwa ubavu vinatoa upana wa sentimita 33 unaohitajika.

Ubao wenye unene wa milimita 50 unaokaushwa kwa hewa tu unaweza kuhitaji miaka miwili, na neno la muuzaji kwamba umekauka si kipimo. Upime kwenye mizani kila wiki, ukiwa umeuweka ndani ya nyumba juu ya vijiti ili hewa ipite chini. Uzito ukiacha kushuka, ubao uko tayari. Kazi ya kukata na kugundisha ifanyike kati ya Juni na Oktoba, wakati hewa ya Iringa ni kavu. Anayeishi Tukuyu, ambako mvua hainyamazi kwa muda mrefu, afadhali aukaushie kwa jamaa aliye Makambako.

Kabla ya kugusa msumeno, chora gitaa lote kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi, ukianza na mstari mmoja wa katikati unaotoka kichwani hadi mwisho wa mwili. Vipimo vyote vipimwe kutoka mstari huo. Hamishia umbo la mwili kwenye plaiwudi ili upate kiolezo, kata ubao kwa jigso ukiacha milimita 2 nje ya alama, kisha malizia kwa mashine ya ruta inayofuata kiolezo. Unene wa mwisho uwe milimita 44 au 45, na nafasi ya kukalia shingo iwe na upana wa milimita 56 na kina cha milimita 16. Shingo iingie kwa kubana kiasi kwamba ukiinua gitaa kwa shingo kabla ya kutia skrubu, mwili usidondoke. Vaa barakoa, kwani vumbi la mninga huwasha na kuziba kifua.

Shingo ikatwe kwenye mninga ulionyooka nyuzi zake, na ndani yake uchimbwe mfereji wa chuma cha kurekebishia mpindo wa shingo, ambacho hununuliwa kikiwa tayari. Juu yake hugundishwa ubao wa vidole wenye unene wa milimita 6. Mpingo hauna mpinzani hapa, lakini hauoti kwenye baridi yetu. Hutoka maeneo ya chini kama Lindi, na kipande kilichonyooka kwa sentimita 50 hakipatikani kirahisi. Ukiupata, ufute kwa spiriti kabla ya kupaka gundi, kwa sababu mafuta yake huifanya gundi isishike.

Sasa freti, yaani vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza ubao wa vidole, ambazo ndizo zinazoamua kama chombo ni gitaa au pambo la ukutani. Urefu wa uzi wa Telecaster, kutoka kizingiti cha kichwani hadi kwenye daraja linaloshikilia nyuzi mwilini, ni milimita 648. Gawanya 648 kwa 17.817 upate 36.37, ambayo ndiyo nafasi ya freti ya kwanza. Kisha gawanya urefu uliobaki kwa namba hiyohiyo, jumlisha jibu na lililotangulia, na kuendelea. Hivyo freti ya pili huwa milimita 70.70 kutoka kizingitini, ya tano 162.55, ya saba 215.51, na ya kumi na mbili 324 kamili, yaani nusu. Hesabu inakwenda kwa hatua, lakini upimaji usiende kwa hatua: rula ya chuma ilazwe mara moja na alama zote zipigwe kutoka kizingitini, kwa kuwa anayepima kila freti kutoka iliyotangulia hujumlisha kosa dogo dogo mpaka kufika freti ya kumi na mbili sauti imeshapotea. Alama zipigwe kwa ncha ya kisu, kwani unene wa penseli peke yake ni kosa. Msumeno uwe mwembamba, wa kukata njia ya milimita 0.6, na uongozwe na skwea. Kizingiti chenyewe kitengenezwe kwa mfupa wa ng'ombe kutoka buchani, uliochemshwa, ukasafishwa na kukaushwa vizuri.

Umeme wake ni mdogo, na fundi redio wa mtaani anaweza kuulehemu kwa muda mfupi: pikapu mbili (sumaku zenye koili zinazonasa mtikisiko wa nyuzi), swichi moja, vidhibiti viwili vya kilo-ohmu 250 na kapasita ya mikrofaradi 0.047. Vifaa hivi vinaweza kutolewa kwenye gitaa bovu la kwaya. Mashimo ya mwilini yanamokaa vifaa hivi yavishwe karatasi ya alumini ya jikoni iliyounganishwa na waya wa ardhi, na daraja nalo liunganishwe hapo, la sivyo mvumo wa umeme wa hertzi 50 utasikika kwenye amplifaya. Alumini haishiki risasi, hivyo waya huo ubanwe kwa skrubu na washa.

Vanishi ipakwe siku kavu, kwa sababu lakeri ikipakwa kwenye unyevu huota ukungu mweupe.

Ukishafunga nyuzi, bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja. Penye freti ya saba pawe na uwazi wa milimita 0.2 hadi 0.3. Ukizidi, kaza chuma cha shingo robo mzunguko, kisha subiri hadi kesho yake. Halafu linganisha sauti ya uzi ulioguswa tu juu ya freti ya kumi na mbili na ya uzi uliobonyezwa hapohapo: iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha nyuma kikalio cha uzi, yaani kile kipande cha darajani unachoegemea. Mvua zikianza Novemba, vipimo hivi virudiwe, na ukame ukirudi, pitisha tupa kwenye ncha za freti zitakazokuwa zimechomoza pembeni baada ya ubao kusinyaa.