Springfield ya Mfuniko: Namna ya Kununua Bunduki Yako ya Kwanza ya Baruti Nyeusi

Kwetu Tabora bunduki ya babu ilikuwa gobori. Baruti inamiminwa mdomoni mwa mtutu, risasi inafuata, mdeki unashindilia, fataki inavikwa mahali pake, kisha kila mtu anaziba masikio. Nilipohamia Indiana na kushika kwa mara ya kwanza Springfield ya 1873, harufu ya chuma cha zamani na mafuta ya kitani ilinirudisha moja kwa moja kwenye ukuta wa babu. Tangu siku hiyo nakusanya bunduki za Marekani za risasi moja moja, zile walizotumia askari, wawindaji na walowezi wa magharibi katika karne ya 19.

Nawaandikia ndugu walioko Marekani wanaotaka kuanza na hawajui pa kushika. Nitaeleza zaidi Springfield, kwa sababu ndiyo ninayoijua vidoleni, na kwa mgeni ndiyo salama zaidi.

Hatua ya 1: Maliza habari ya sheria kwanza

Sheria ya shirikisho ya 1968 inaihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo kuwa ya kale, na haiwekwi kundi moja na silaha za kisasa. Hata hivyo, majimbo na miji mingine ina masharti yake. Soma ya kwako, na kama bado hujapata uraia, muulize wakili kabla ya kutoa pesa. Usiifunge kwenye kontena kwenda Dar au Mombasa ukidhani ni pambo tu. Pata kwanza jibu la maandishi kutoka polisi wa huko.

Hatua ya 2: Chagua ukoo mmoja

Koo ni nyingi. Hawken za St. Louis, zilizotengenezwa na ndugu wawili Jacob na Samuel, ni za fataki na hushindiliwa mdomoni kama gobori. Wawindaji wa milimani walizipenda, na kwa sababu hiyo hiyo waghushi nao wanazipenda. Mgeni akae mbali nazo. Sharps ya 1874, yenye kizibo (kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) kinachoshuka chini ukivuta mkono wa chuma, ndiyo bunduki ya wawindaji wa nyati. Kiwanda chake kilitoka Hartford kwenda Bridgeport mwaka 1876 na kikafungwa 1881, kwa hiyo zilizobaki ni ghali. Remington ya kizibo kinachobingirika, iliyotengenezwa Ilion, New York, iliuzwa duniani kote, Misri ikiwemo, na iliyotoka jeshi la kigeni unaweza kuipata kwa bei ya kibinadamu.

Springfield ina faida zake. Erskine Allin, fundi mkuu wa karakana ya serikali ya Springfield, Massachusetts, alikuwa na shehena ya bunduki za kushindilia zilizobaki baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Akakata mtutu kwa juu, upande wake wa nyuma, akaweka kizibo chenye bawaba kinachoinuka kama mfuniko wa sanduku. Kufikia 1873 jeshi lilipata toleo lililotulia, la risasi ya .45-70: kipenyo cha 45 katika mia za inchi, na greni 70 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) za baruti nyeusi. Zilitengenezwa zaidi ya nusu milioni. Kwa hiyo zipo za kulinganisha, vipuri vipo, na alama zake zinajulikana moja moja.

Hatua ya 3: Hakikisha haina kitu ndani

Hii usiiruke hata kama muuzaji ni shemeji yako. Kwa Springfield, elekeza mtutu mahali salama, vuta nyundo hadi kituo cha nusu (inaponasa katikati ya safari yake ya nyuma), sukuma kitasa cha mfuniko kwa dole gumba, inua mfuniko, tazama, kisha ingiza kidole.

Kwa bunduki ya kushindilia huwezi kufungua kitu, basi mdeki ndio utakuambia. Uingize taratibu hadi ugote, weka alama ya penseli pale unapotokea mdomoni, uchomoe, kisha ulaze kando ya mtutu kwa nje, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha ya mdeki inapaswa kufika karibu kabisa na tundu la fataki. Ikiishia mbali nalo, kuna kitu kimelala ndani, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haisahau kazi yake hata baada ya miaka mia. Ipeleke kwa fundi bunduki bila kuichokonoa.

Hatua ya 4: Soma mbao kabla ya chuma

Wageni wengi hukimbilia mtutu. Mimi huanza na mbao, kwa kuwa chuma kinaweza kung'arishwa na kupakwa rangi upya, lakini mbao ya mjozi iliyopigwa msasa hairudi.

Pitisha ukucha kutoka kwenye mbao kwenda kwenye bamba la mtambo, lile la chuma linaloshika nyundo, upande wa kulia. Karakana iliacha mbao ikiwa juu kidogo kuliko chuma, na ukucha utashuka kama unavuka kizingiti. Ukipita bila kugonga kitu, au ukapanda, mbao hiyo imepigwa msasa na mtu wa baadaye.

Sasa igeuze upande wa kushoto, mkabala na mtambo. Kwenye Springfield za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870 tafuta muhuri wa mkaguzi, herufi tatu na mwaka, kwa mfano SWP na 1884 chini yake. SWP ni Samuel W. Porter. Nyuma ya kikinga kidole (chuma kinachozunguka kifyatulio), chini, kuna herufi P ndani ya duara. Tumia tochi ndogo, uilaze mwanga upite juu ya mbao kutoka pembeni. Muhuri wenye kingo kali kwenye bunduki nzee ni kama kusikia jina la mtu likitamkwa sawasawa. Muhuri uliofifia ni wa kawaida. Ila ukikuta muhuri mkali juu ya mbao iliyopigwa msasa, umepigwa jana. Irudishe mezani.

Hatua ya 5: Chuma

Kwenye mtutu, karibu na mfuniko, tafuta V, P na kichwa cha tai. Hizo ni alama za kupasishwa. Angalia parafujo: mifereji iliyochanika inakuambia kuna mkono uliopita bila bisibisi ya saizi yake. Chungulia ndani ya mtutu kwa taa. Springfield ina mifereji mitatu, mipana, ya kuizungusha risasi. Vijishimo vya kutu vilivyotawanyika havinitishi. Kinachonitisha ni kutu iliyokula kuzunguka chemba, pale risasi inapokaa, na mdomo uliopanuka kwa kusuguliwa na mdeki. Mwisho, vuta nyundo hadi kituo cha nusu na ubonyeze kifyatulio. Nyundo ikianguka, mtambo ni mbovu.

Hatua ya 6: Karabini, na hasara yangu

Karabini, yaani bunduki fupi ya askari wa farasi, ina mtutu wa inchi 22. Bunduki ya askari wa miguu inazidi kidogo inchi 32. Kwa kuwa kikosi cha 7 cha farasi kilibeba karabini hizi kwenye pigano mashuhuri la Little Bighorn tarehe 25 Juni 1876, bei ya karabini ni kubwa mno, na msumeno wa kuikata bunduki ndefu iwe karabini ni rahisi.

Mwaka wangu wa pili nilinunua karabini kwenye mnada wa shambani huko Ohio. Muuzaji simtaji. Nililipa akiba ya miezi mingi na nikaiweka ukutani kwa fahari. Wiki tatu baadaye, nikiipangusa chini ya taa ya jikoni, niliona kwenye ncha ya mbao, chini ya mtutu, kiraka cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Nyuzi za mbao pale zilikwenda kinyume na nyingine. Nililijua lile tundu. Ni njia ya mdeki, imezibwa. Karabini ya kweli haibebi mdeki chini ya mtutu, kwa hiyo njia hiyo haikuwa na sababu ya kuwepo. Nikageuza kikinga kidole: tundu la kushikia mkanda, ambalo ni la bunduki ndefu, lilikuwa limejazwa. Upande wa kushoto, ambapo karabini ina fimbo na pete ya chuma ya kuning'inia begani mwa mpanda farasi, palikuwa na mbao tupu.

Basi ukiona karabini, tazama vitu vitatu kwa mpangilio huu: ncha ya mbao, kikinga kidole, pete ya kushoto. Inachukua dakika moja, na mimi ilinigharimu akiba yangu kwa sababu sikuitumia.

Hatua ya 7: Lipia bunduki, usilipie hadithi

Utaambiwa, "Hii ilikuwa ya babu mzaa babu, alipigana na Custer." Custer ndiye aliyekiongoza kikosi cha 7 Little Bighorn. Sikiliza kwa heshima, kisha tazama namba na alama. Hadithi bila karatasi haina bei. Kwa Winchester ya 1885, ile aliyoibuni John Browning wa Ogden, Utah, unaweza kupata karatasi ya kweli: jumba la makumbusho la Cody, Wyoming, linatunza daftari za kiwanda, na kwa namba nyingi za toleo hilo hutoa barua inayoeleza bunduki ilivyotoka.

Mimi hadithi nazipenda, na nataka ziwe za kweli, kwa sababu bunduki hizi zilielekezwa kwa watu. Walakota na Wacheyenne, wenyeji wa asili wa Marekani, walizikabili, kama wazee wetu walivyokabili Mauser ya 1871, nayo ya risasi moja na baruti nyeusi, ambayo askari wengi wa Wajerumani bado walikuwa nayo mwaka 1914. Anayebuni hadithi ili apandishe bei anawakosea waliokuwepo.

Hatua ya 8: Ukitaka kuipiga

Fundi bunduki aikague kwanza. Tumia baruti nyeusi peke yake. Baruti isiyo na moshi hupandisha shinikizo ambalo chuma hiki hakikuumbiwa, na baadhi ya risasi za .45-70 za madukani leo zina nguvu za bunduki za kisasa. Jeshi lenyewe liliipunguzia karabini hadi greni 55, maana teke lake lilikuwa kali. Mimi huanzia hapo.

Hatua ya 9: Kuosha siku hiyo hiyo

Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na kufikia kesho asubuhi kutu imeanza. Maji ya moto, kitambaa, tena na tena mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kausha kabisa, paka mafuta mepesi. Nje, rangi ya kahawia ya uzee iache kama ilivyo. Usipige msasa, usipake rangi nyeusi upya. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi, kwani ngozi nayo hushika unyevu na kulisha kutu.

Hatua ya 10: Daftari

Kila bunduki ina ukurasa wake: namba, alama zote, mahali na siku niliyoinunua, na kila kilichobadilishwa, hata parafujo moja. Ile karabini ya Ohio bado ninayo. Ukurasa wake una picha ya kile kiraka, na juu nimeandika kwa wino mwekundu: *bunduki ndefu iliyokatwa*, ili atakayeirithi asije akaiuza kwa jina lingine.