Jinsi ya kujipima saizi ya sidiria nyumbani, na hizo namba na herufi zilikotoka

Wadada wengi tunavaa sidiria ambayo sio saizi yetu na tunajua kabisa kuna kitu hakipo sawa, mabega yanauma, mgongoni inapanda, ukifika nyumbani jioni kitu cha kwanza ni kuivua. Alafu dukani ukiulizwa saizi unasema 36 basi. Haya mateso hayana sababu jamani, tafuta tepu ya fundi cherehani na kioo tulimalize leo.

Kwanza ujue nani anabeba mzigo. Ni mkanda unaozunguka mbavu, zile kamba za mabegani zinasaidia tu. Na hii utaielewa vizuri ukijua kitu chenyewe kilikotoka. Ulaya, kuanzia miaka ya 1500 huko, wanawake wenye uwezo walikuwa wanavaa koseti, vazi gumu linalokazwa kwa kamba kiwiliwili kizima, ndani wanaweka zile fito ngumu zinazotoka kinywani mwa nyangumi na baadae wakaja kuweka vyuma, matiti yanasukumwa kutokea chini na uzito wote unalala kwenye mbavu na kiuno. Mwaka 1889 mama mmoja Mfaransa, Herminie Cadolle, akaigawa koseti vipande viwili, cha chini kikabaki kiunoni, cha juu kikashika matiti na kikawekewa kamba za mabegani. Hapo ndo mabega yalipoingizwa kwenye hii kazi.

Mwaka 1914 Mary Phelps Jacob wa Marekani akapata hataza (haki ya kisheria ya mbunifu) ya sidiria aliyoianza kwa leso mbili za hariri na utepe, sababu koseti ilikuwa inamharibia gauni lake la usiku. Baadae akaiuza hataza kwa kampuni ya koseti ya Warner Brothers kwa dola 1,500. Ila ile ilikuwa inalaza kifua tu, haina vikombe vya maana, zile sehemu mbili za kushikia matiti. (Japo vikombe vyenyewe ni vya zamani sana, kwenye kasri la Lengberg huko Austria mwaka 2008 zilikutwa nguo za kitani za miaka ya 1400 zenye vikombe viwili kabisa, mimi hiyo habari kila nikiiwaza nafurahi.) Miaka ya 1930 ndo kampuni ya S.H. Camp ya Marekani ikaleta herufi A mpaka D za saizi ya vikombe, viwanda vingine vikafuata, ndo mfumo tunaotumia mpaka leo.

Sasa tupime. Vua sidiria, au vaa nyepesi isiyo na sponji. Pitisha tepu chini kabisa ya matiti, iwe imenyooka hata mgongoni (angalia kwenye kioo, wengi wanakosea hapa tepu inashuka nyuma), pumua nje, ikaze vizuri bila kujiumiza. Soma inchi. Ukipata 34 mkanda wako ni 34, ukipata 33 jaribu 32 na 34 uone ipi inakukaa. Kuna watu watakwambia ongeza inchi nne, huo utaratibu ni wa enzi ambazo vitambaa havivutiki, kabla ya hizi nyuzi zinazovutika za lycra ambazo kampuni ya DuPont iligundua 1958, ukiuongeza leo unapata mkanda uliolegea na mzigo wote unarudi mabegani.

Kisha inama mbele kidogo, zungusha tepu pale kifua kilipojaa zaidi, usiibane. Toa namba ya mkanda kwenye hiyo namba. Ikizidi inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D, 5 ni DD. Yani mkanda 34 na kifua 38, wewe ni 34D.

Najua umeshtuka. Tumezoea kuamini D ni ya mtu mwenye matiti makubwa mno, lakini herufi peke yake haisemi kitu, inategemea mkanda. Kikombe cha 34D, cha 36C na cha 38B vina ujazo uleule, ndo maana mtu wa 34D anaishi miaka na 38B, vikombe vinamtosha ila mkanda unamcheza. Kwaiyo ukikosa saizi yako dukani, ukishuka mkanda panda herufi, ukipanda mkanda shusha herufi. Na lebo ikiandikwa 75 ni sawa na 34, 80 ni 36, 85 ni 38, hizo ni namba za Ulaya. Za Ufaransa ziangalie vizuri, wao wanaongeza 15, 34 kwao ni 90.

Ukiivaa, inama, ingiza mkono uvute nyama zote za pembeni karibu na kwapa ziingie kwenye kikombe, ndo usimame. Kile kipande cha katikati kinatakiwa kiguse kifua, kikining'inia vikombe ni vidogo. Inua mikono juu, mkanda ukipanda ni mkubwa. Waya ukae kwenye mbavu, ukilalia titi ni hapana, na anayenyonyesha asibanwe kabisa, inaweza kuziba njia za maziwa, apime upya kila mwili ukibadilika.

Ikiwa mpya funga vifungo vya mwisho kabisa kwa nje, maana mkanda utavutika na utahitaji kuingia ndani taratibu. Ifue kwa mkono, usiikamue kwa kuisokota. Siku utakapofika vifungo vya ndani kabisa na bado inapanda mgongoni, hiyo imeisha, nunua nyingine.