Simu ya kuzungusha: tarehe yake iko ndani

Mama mmoja wa Raskazone, hapa Tanga, aliniletea simu nyeusi ya marehemu baba yake, aliyekuwa karani wa shamba la mkonge. Alikuwa na hakika ni ya enzi za Mjerumani, kwa vile ni nzito na nyeusi. Lakini Mjerumani alitoka Tanga Julai 1916, na simu hii ilikuwa ya umbo la Kiingereza lenye kengele ndani ya kiwiliwili na mkono, yaani kile unachokishika sikioni na mdomoni, ukilala juu. Umbo hilo, la mfululizo wa 300, Posta ya Uingereza, iliyokuwa ikiendesha simu huko, ililianza mwaka 1937. Nikamwambia, "Mama, keti tuisome pamoja." Ninavyosoma ndivyo hivi.

Usianze kusafisha. Wengi huleta simu kwangu Ngamiani zikiwa zinang'aa, na nikizifungua nakuta alama zimeshaondoka. Nyingi ya alama hizo hazikuchongwa, zimepigwa mhuri wa wino, na spiriti huufuta kwa mpanguso mmoja. Nikiwa najifunza kwa mjomba nilipoteza tarehe namna hiyo, na bado inaniuma. Tumia brashi kavu ya rangi tu. Kitako cha chuma huku kwetu huwa na kutu kwa ajili ya hewa ya bahari. Usikikwangue, maana kutu ikitoka na rangi hutoka, na mhuri nao huenda.

Uwe na bisibisi inayoenea vizuri mfereji wa skrubu, tochi ndogo, kioo cha kukuzia, penseli na daftari. Laza tochi ubavuni karibu na kitu, usikimulike kutoka juu. Namba iliyozama itatupa kivuli na utaisoma. Ikikataa, paka unga wa chaki, kisha pangusa kwa kidole gumba, na chaki itabaki kwenye michoro. Kila unachokiona kiandike kama kilivyo, pamoja na nukta na mikwaju, kabla hujakitafsiri. Na piga picha.

Kabla ya kufungua, tazama herufi zilizo kwenye sahani ya namba, ile inayozungushwa, kama zipo. Kwa Mwingereza, 6 ina M na N, na O iko kwenye 0 pamoja na Q. Kwa Mmarekani, 6 ina M, N na O. Ukikuta 0 imewekwa kabla ya 1, mbele ya namba zote, hiyo ni ya mpangilio wa Uswidi. Herufi hizi zimenisaidia kuliko jina la kiwanda, maana jina huweza kuwa la kampuni iliyouza nchi nyingi.

Geuza kitako. Kwenye simu za Kiingereza za baadaye, zile za plastiki, utakuta namba ya aina: 706 ilianza 1959, 746 ilianza 1967. Herufi inayofuata ina maana. 706L ina herufi kwenye sahani, 706F ina tarakimu tu, na 706CB haikuwekewa sahani kabisa, kwa kuwa mtu alikuwa akiinua mkono na kuzungumza na opareta. Ukikuta 8746, ni ile ile 746 iliyopewa namba mpya katika miaka ya 1980.

Baada ya hapo huja herufi za kiwanda, kisha kitu kama 66/2. Hapa ndipo watu wengi hukosea. 66 ni mwaka, lakini 2 si mwezi. Usiende kumwambia mtu simu yake ni ya Februari. Ukiona herufi FWR, simu ilirudishwa karakana ya Posta ya Uingereza ikakarabatiwa, na mwaka ulio kando yake ni wa ukarabati, si wa kuzaliwa.

Za Marekani zina utaratibu wake. Kiwanda cha Western Electric zamani kiliandika robo ya mwaka kwa tarakimu za Kirumi, hivyo II 41 ni robo ya pili ya 1941. Kwenye modeli 500 ya kiwanda hicho, tazama ndani ya ganda na ndani ya mkono, kwani kila sehemu ina tarehe yake.

Sasa fungua. Sahani ya namba isome kwa nyuma. Namba 12 hukaa kwenye 332 ya mfululizo wa 300, namba 21 kwenye 706. Ukiwa hapo, zungusha 0 na uiachie. Inatakiwa itoe mapigo 10 kwa sekunde moja hivi. Ikisuasua, gavana, yaani kifaa kinachoshika mwendo wa sahani, inahitaji kusafishwa. Kisha fungua vifuniko vya mkono. Mkono wa 332 una namba 164. Kipande cha sikioni chenye 4T ni cha mfululizo wa 700. Kikiwa ndani ya mkono mweusi wa zamani, kimeingizwa baadaye.

Simu ya yule mama niliiandika hivi: kitako 55, sahani 55, mkono 58, kipaza sauti cha mdomoni 61. Kitako na sahani vinapatana, basi nikaamini simu ilizaliwa 1955. Kipaza sauti sikukihesabu, maana kabuni yake huganda na mafundi walikuwa wakikibadilisha mara kwa mara. Ila mkono ulinisumbua, maana hauna sababu ya kubadilishwa isipokuwa uvunjike. Nikamuuliza kama simu iliwahi kuanguka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema akiwa mdogo aliuangusha ofisini kwa baba, ukapasuka vipande viwili juu ya saruji, na baba hakumpiga.

Hakuuliza tena habari za Mjerumani. Niliandika tarehe zote nne kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, nikakikunja, nikakiweka chini ya kengele mahali ambapo nyundo yake haifiki, nikafunga skrubu. Nawe fanya hivyo kwa kila simu unayoifungua. Fundi atakayekuja kuifungua baada yako atakuta kazi imeshaanzwa.