Daftari la Makuzi: Unachotakiwa Kuandika na Usichotakiwa Kusubiri

Nina watoto watatu na daftari moja. Kifungua mimba alitembea akiwa na miezi 10. Wa pili hakutambaa hata siku moja. Alijikokota kwa makalio, akasimama dede, akaja kutembea na miezi 16. Kitindamimba ndiye aliyenifundisha kwa nini daftari linahitajika.

Anza kuandika mapema. Weka tarehe, umri kwa miezi, na jambo uliloliona kwa macho yako. "Anaendelea vizuri" haitakusaidia. Andika: "Leo kageuka mwenyewe kutoka kifudifudi hadi chali." Kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati, hesabu umri kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa, na uendelee hivyo mpaka atimize miaka 2. Wa pili wangu alikuwa njiti, aliwahi kwa wiki 8, kwa hiyo ile miezi 16 yake kwa haki ni 14.

Kuhusu viungo, usiumize kichwa kwa kulinganisha. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya kufuatilia watoto wenye afya katika nchi 5. Kukaa bila kushikiliwa kulianza popote kati ya miezi 4 hivi na 9. Kutembea peke yake, kati ya miezi 8 na 17 na nusu. Watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Nilipozisoma namba hizo nililala usingizi.

Sauti na ishara ndizo ninazokuomba uziangalie kwa makini zaidi, kwa sababu ndizo tunazozipuuza. Karibu na miezi 2 mtoto hujibu tabasamu lako kwa tabasamu. Kufikia miezi 9 au 10 tarajia silabi zinazorudiwa: ba-ba-ba, ma-ma-ma. Karibu na mwaka mmoja hupunga mkono, hugeuka akiitwa jina, na neno la kwanza lenye maana huwa jirani. Kisha huja kunyoosha kidole, na kwangu hiyo ni hatua kubwa kuliko kutembea: mtoto anaonyesha ndege, halafu anakuangalia usoni kuhakikisha na wewe umemwona. Kwenye miaka 2 huunganisha maneno mawili, kama "baba njoo". Kwa lugha yetu "nimeanguka" huandikwa neno moja, ila ndani yake mna mtu, wakati na tendo. Mimi niliyahesabu hayo kama sentensi.

Kitindamimba alikuwa na sauti nyingi akiwa mchanga. Kurasa za miezi 10, 12 na 14 hazina silabi hata moja. Niliziandika mwenyewe, na bado nikawasikiliza walioniambia wavulana huchelewa kusema. Alipofika miaka 2 alikuwa na maneno sita. Alipopimwa masikio, kukakutwa majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Alitibiwa, na maneno yakaja kwa fujo. Miezi ile niliyosubiri bado inaniuma. Mtoto akichelewa kusema, omba kipimo cha masikio kwanza, hata kama alipimwa alipozaliwa akaonekana sawa. Kumwita ukiwa mgongoni kwake, asione hata kivuli chako, kunaweza kukushtua, lakini hakuchukui nafasi ya kipimo chenyewe.

Kuanzia miaka 3 mpe penseli. Duara huja karibu na miaka 3, msalaba kwenye 4, mraba kati ya 4 na 5, pembetatu kwenye 5. Akifika miaka 4, hata mgeni anapaswa kumwelewa karibu kila anachosema. Kurukaruka kwa mguu mmoja nako huingia hapo, na michezo ya kuigiza hurefuka.

Umri wa shule hatua hujificha zaidi. Meno ya utoto huanza kung'oka karibu na miaka 6. Angalia kama anaweza kusimulia siku yake kwa mpangilio, kufuata maagizo mawili matatu bila kukumbushwa, na kukubali kushindwa mchezoni. Kukojoa kitandani usiku bado ni kawaida kwa wengi wa miaka 5 na 6, na kumwadhibu kunamwongezea hofu tu. Lakini aliyekaa mkavu miezi 6 akaanza upya, mpeleke akaonwe.

Kwenye jalada la ndani nimeandika mambo ambayo siyasubirishi: kupoteza neno au ujuzi aliokuwa nao, katika umri wowote, kutumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka mmoja, kutotembea kufikia miezi 18, kutokuwa na ishara wala silabi kwenye mwaka mmoja, kutounganisha maneno mawili kwenye miaka 2.

Ukienda kwa daktari, beba daftari pamoja na video fupi ya simu, kwa sababu watoto wengi hunyamaza chumbani kwa daktari. Sema umri, sema unachokiona, sema tangu lini. Ukiambiwa usubiri, uliza: mpaka tarehe gani? Iandike hiyo tarehe mbele yake.